Mashine ya seremala wa Kawangware na pesa za Uchumi House

Kuna seremala mmoja mzaliwa wa Lamu ambaye ana karakana kando ya Naivasha Road, Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi. Namwita ami kwa sababu ni mkubwa kwangu na kwa sababu sote ni watu wa Pwani. Anatengeneza vitanda, makabati na milango ya nakshi. Wateja wake wengi ni wakazi wa Lavington na Kilimani, mitaa iliyo karibu kiasi kwamba kabati linaweza kupelekwa kwa mkokoteni. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amekataa kazi ya milango kumi na miwili. Mbao zilikuwapo na vijana wa kazi walikuwapo. Lakini kuzipiga randa mbao zote hizo kwa mkono kungekula muda wote aliopewa, na mwenye nyumba hakutaka kungoja.

"Mwanangu, mimi siombi msaada," aliniambia. "Nataka mashine."

Mashine anayoitaka ni ya kupiga randa na kunyoosha mbao, ya kutumia stima, na pamoja na kuifunga inamgharimu kama Sh400,000. Ana wateja, ana wafanyakazi wanne na ana rekodi ya M-Pesa ya miaka mingi inayoonyesha pesa zinavyoingia na kutoka. Hana hatimiliki ya ardhi. Benki aliyoiendea ilimuuliza hatimiliki kabla ya kumuuliza anatengeneza nini.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepita Aga Khan Walk, katikati ya jiji, mbele ya Uchumi House. Humo ndimo yalimo makao makuu ya Shirika la Maendeleo la Kenya, linalojulikana zaidi kwa herufi zake, KDC. Hili ni shirika la serikali ambalo kazi yake ni kukopesha na kuwekeza katika biashara ambazo benki za kawaida huziogopa. Kutoka hapo hadi karakana ya ami ni nauli moja tu ya matatu ya 46, kupitia Hurlingham na Yaya. Pesa za jengo lile hazijawahi kusafiri njia hiyo mpaka kwake. Kila mara tunasikia kwamba mashirika ya aina hii yataimarishwa. Nimeona nieleze yanavyofanya kazi, ili siku nyingine ukisikia neno hilo ujue la kuuliza.

Kwanza asili yake. KDC ni jina jipya la mashirika matatu ya zamani yaliyounganishwa mwaka 2021. La kwanza ni ICDC, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1954 na ambalo baada ya uhuru likawa mkono wa serikali wa kuwaingiza Wakenya katika viwanda na biashara. La pili ni benki ya maendeleo ya viwanda ya mwaka 1973, ambayo baadaye iliitwa IDB Capital. La tatu watu wa Pwani wanalijua vizuri: ni lile shirika la kukopesha hoteli, lililoanza mwaka 1965 kwa jina la KTDC na kisha likabadilishwa kuwa Tourism Finance Corporation. Pendekezo la kuunganisha mashirika ya fedha za maendeleo lilitolewa na jopo la rais la kurekebisha mashirika ya serikali mwaka 2013. Ilichukua miaka minane kuyaweka pamoja matatu ambayo ofisi zake unaweza kuzizunguka zote kwa miguu kabla chai yako haijapoa.

Muungano huo ulikuwa na maana, na mfano wake mzuri uko kwetu nyumbani. Shirika linalokopesha hoteli peke yake, na hoteli hizo nyingi zikiwa ufuo mmoja, limeweka mayai yote katika kapu moja. Watalii walipokimbia baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, hoteli za kusini na kaskazini mwa Mombasa zilikosa wageni kwa pamoja. Ikawa vivyo hivyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka 2014 nchi za Magharibi zilipotoa ilani za usafiri, na mwaka 2020 wakati wa korona. Mkopeshaji wa namna hiyo hawezi kusema hoteli ya Diani imeshindwa lakini ya Malindi inalipa. Zote zinashindwa mwezi mmoja. Shirika lenye kiwanda cha maziwa, hoteli, karakana na kampuni ya kompyuta katika vitabu vyake lina nafuu kidogo.

Lakini muungano hurithi vyote. Mali zinaingia, na mikopo mibovu ya zamani inaingia pamoja nazo.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakidhani shirika la serikali lina kisima kisichokauka. Benki ya kawaida hukopesha amana zako na zangu. KDC haipokei amana. Pesa zake zinatoka sehemu chache: mtaji kutoka Hazina ya Taifa, ambayo iko Harambee Avenue, mwendo wa dakika chache tu kutoka Uchumi House, gawio na mauzo ya hisa ambazo ICDC ilikuwa imenunua katika makampuni tangu miaka ya 60 na 70, mikopo kutoka nje, na, iliyo muhimu kuliko zote, marejesho ya wale waliokwisha kukopa. Mkopaji asipolipa, anayefuata hapati.

Chukua hesabu ndogo. Tuseme shirika limekopesha watu 100, kila mmoja Sh10,000, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Wote wakilipa, faida ni Sh120,000. Wakikosekana 11 tu, wale 89 wataleta riba ya Sh106,800 na shirika litakuwa limepoteza mtaji wa Sh110,000. Riba yote imekwisha na deni limebaki, kabla hujamlipa karani, askari wa mlangoni na stima. Kwa hiyo mtu akikuambia shirika linahitaji mtaji zaidi, muulize kwanza ni wakopaji wangapi kati ya mia hawalipi. Ukimimina maji katika ndoo iliyotoboka, tatizo halikuwa upungufu wa maji.

Na wasiolipa si lazima wawe akina ami. Kwa kawaida mkopo mdogo huchelewa kwa sababu mtoto ameugua au mteja hajalipa. Mkopo mkubwa huweza kukwama kwa sababu aliyeuchukua anajua atakayempigia simu. Kwa sheria ya mashirika ya serikali, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na rais. Bodi ya namna hiyo inaweza kuwa na watu waadilifu kabisa, na mara nyingi inao, lakini meneja wa madeni anayetaka kupeleka kwa mnada mali ya mtu mwenye jina anajua ni nani aliyemteua mkubwa wake. Tumezoea pia kuahidiwa msamaha wa madeni jukwaani wakati wa kura. Kila ahadi kama hiyo humfundisha mkopaji mwaminifu kwamba alifanya ujinga kulipa.

Turudi Kawangware. Utasema, mbona kuna Hustler Fund? Ni kweli. Rais William Ruto aliizindua tarehe 30 Novemba 2022 katika kituo cha Green Park, hapo hapo katikati ya jiji. Mkopo wa mtu binafsi ulianzia Sh500 na kikomo chake kikawekwa Sh50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa siku 14. Riba hiyo ni ndogo, sikatai. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wameshazoea mikopo ya simu kama M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuzungusha mkopo huo mwaka mzima, hiyo ni asilimia 90. Kwa mama wa mboga anayenunua sukuma asubuhi na kuimaliza jioni, siku 14 zinatosha na zinabaki. Mashine ya randa hailipi gharama yake kwa siku 14. Inalipa kwa miaka miwili au mitatu.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mkopo wa kuzungusha bidhaa na mkopo wa kununua chombo cha kazi, nayo ndiyo sababu ya kuwapo mashirika kama KDC. Kwa ami, riba ina uzito, lakini muda una uzito zaidi. Akikopa Sh400,000 kwa asilimia 18 na kutakiwa azirejeshe kwa miezi 12, atalipa karibu Sh36,700 kila mwezi. Karakana yake haiwezi. Akizikopa kwa asilimia 12 kwa miezi 36, riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, atalipa karibu Sh13,300 kwa mwezi. Hesabu vizuri: katika mkopo huu wa pili atalipa riba ya jumla ya Sh78,000 hivi, wakati ule wa kwanza ungemtoza Sh40,000 tu. Atalipa zaidi kwa jumla, lakini ataweza kulipa bila kuuza mashine yenyewe ili alipie mashine. Benki hazipendi kumfungia mtu wa jua kali pesa kwa miaka mitatu. Na ilipowekwa sheria ya kudhibiti riba kuanzia Septemba 2016, nyingi ziliwakwepa wafanyabiashara wadogo na kuikopesha serikali, mpaka kidhibiti hicho kikaondolewa Novemba 2019. Kumpunguzia mtu riba kwa amri hakumpi mkopo.

Kwa hiyo ami yuko katikati ya daraja lililokatika pande mbili. Ni mkubwa mno kwa Hustler Fund na ni mdogo mno kwa maofisa wa Uchumi House, ambao gharama ya kuchunguza mkopo wa Sh400,000 haipishani sana na ya kuchunguza wa Sh40 milioni. Kwa haki lazima niseme kwamba yupo ndugu wa KDC ambaye kazi yake ni watu kama yeye. Ni Kenya Industrial Estates, KIE, shirika la mwaka 1967 lenye makao yake Likoni Road katika eneo la viwanda. Msomaji wa Mombasa asichanganye; hii ni Likoni ya Nairobi, haina feri. KIE ilianza kwa wazo ambalo hadi leo naliona bora kuliko mengi yaliyokuja baadaye: mjasiriamali apewe banda la kufanyia kazi, mashine, mkopo na mshauri, vyote pamoja. Kwa maoni yangu wazo hilo halijawahi kupewa mtaji unaolingana nalo. Kila serikali mpya imependa kuanzisha mfuko wake mpya. Tulianza na wa vijana mwaka 2006, ukafuata wa wanawake mwaka 2007, kisha Uwezo mwaka 2013, halafu Hustler. Mfuko mpya una uzinduzi na muziki. Kuongeza mtaji wa shirika la mwaka 1967 hakuna picha nzuri ya gazetini.

KDC nayo haikukusudiwa kumkopesha kila seremala mkononi. Njia yake kwa biashara ndogo ni ya jumla: inazipa pesa sacco na taasisi za mikopo midogo, nazo zinawakopesha wanachama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mradi unaotumia mkondo huo, wa kuzisaidia biashara ndogo kusimama tena baada ya korona. Ujerumani imekuwa ikifanya hivyo kwa miongo mingi kupitia KfW, benki yake ya maendeleo ya mwaka 1948, ambayo humfikia mfanyabiashara kupitia benki ya mtaani kwake. Mantiki yake inaeleweka, kwani sacco inamjua mwanachama wake kuliko ofisa aliye ghorofani. Hatari yake ni mbili. Kila mkono unaopitisha pesa unaongeza riba yake, na pesa iliyotoka juu kwa bei ya chini inaweza kumfikia ami kwa bei ya soko. Tena, dola ni dola. Shirika likikopa dola na kukopesha shilingi, lazima kuwe na mtu wa kubeba hasara shilingi ikianguka. Januari 2024 dola ilifika karibu Sh160, na miezi michache baadaye ikarudi kwenye Sh130 hivi. Seremala hawezi kubeba mzigo huo. Ukisoma kwamba shirika limepata dola kutoka nje, angalia mkataba unasema ni nani anayebeba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, hasa kwa sisi wa Pwani. Tatizo la hatimiliki si la ami peke yake. Kuanzia Lamu hadi Kwale kuna watu wengi wanaoishi na kulima mahali walipozikwa babu zao bila karatasi yoyote. Shirika la maendeleo likidai hatimiliki kama benki, linakuwa limemfungia Mpwani mlango kwa kosa ambalo si lake, kisha litatangaza kwamba maombi kutoka Pwani ni machache.

Sheria ya kuondoa kikwazo hicho tunayo tayari. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya dhamana za mali inayohamishika. Kwa sheria hiyo, mashine, mifugo, bidhaa dukani, hata deni unalodai mteja, vinaweza kusajiliwa kuwa dhamana. Kwa hiyo mashine ya randa inaweza kujidhamini yenyewe.

Na kuna njia iliyo nyepesi zaidi, ambayo Waislamu wanaijua kwa jina la ijara. Shirika halimpi ami pesa. Linanunua mashine kutoka kwa muuzaji, linabaki kuwa mwenye mashine, na ami anaikodi kwa malipo ya kila mwezi mpaka muda uishe, kisha mashine inahamishwa kuwa yake. Hatimiliki haihitajiki. Muislamu anayekwepa riba anaingia bila dhambi, na tuseme ukweli, wako wengi Mombasa na Eastleigh ambao hawajawahi kukanyaga ofisi hizi kwa sababu hiyo tu. Mkopo hauwezi kugeuka karo au mahari njiani, kwa sababu hapakuwa na noti zilizopita mkononi. Asipolipa, shirika linachukua kilicho chake bila kumuuzia mtu nyumba. Kenya ina benki za Kiislamu tangu 2008, kwa hiyo maarifa ya mikataba hii yapo hapa hapa Nairobi.

Nilipomweleza ami habari hiyo alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Na ikiharibika katikati, mwanangu, anayetengeneza ni nani?"

Swali lake ndilo linaloonyesha kazi ya kuimarisha iko wapi. Ili ukodishe mashine unahitaji watu wanaozijua: anayejua ipi ni imara na ipi ni ya kuuza rangi, anayejua bei halisi ili muuzaji na karani wasiivimbishe pamoja, anayeweza kukata bima, anayejua pa kuiuza ikirudishwa. Unahitaji ofisa anayefika Naivasha Road siku ya kazi, akahesabu milango iliyoegeshwa ukutani, akasoma rekodi ya M-Pesa, kisha akaamua. Watu hao ni gharama, na hawapatikani kwa kuongeza mtaji peke yake. Uganda ilipoamua kuifufua benki yake ya maendeleo, iliyokuwa karibu kufa, iliongeza mtaji wa serikali mwaka baada ya mwaka na benki ikabaki kukopesha shilingi kwa riba isiyozidi asilimia 12. Mtaji wa namna hiyo una faida kama wapo wa kuchagua mkopaji na wa kumfuata.

Lipo pia deni ambalo serikali yenyewe inadaiwa. Ami aliwahi kutengeneza madawati kwa ajili ya ofisi moja ya umma, akakaa zaidi ya mwaka akingoja kulipwa. Kaunti ya Nairobi ndiyo inayoongoza nchini kwa malimbikizo ya madeni, na kaunti za Pwani hazina la kujivunia. Shirika la maendeleo linaweza kumlipa fundi sehemu kubwa ya ankara yake mapema na kuidai ofisi husika baadaye. Lakini hapo litakuwa linaikopesha serikali kwa mlango wa nyuma, na serikali ikichelewa, shirika ndilo litakaloumia. Mimi naona ni heri ofisi zilipe.

Kwa hiyo bajeti ijayo ikisomwa, na mkisikia KDC au KIE imetengewa kiasi fulani, nitakuwa natafuta mambo machache ambayo huwa hayasomwi bungeni: orodha ya wakopaji wakubwa wasiolipa na hatua iliyochukuliwa, idadi ya mikopo iliyo chini ya Sh1 milioni, mingapi ilitolewa bila hatimiliki, na mingapi ilivuka Mtito Andei kuja upande wetu.

Ami amenituma nimchukulie fomu KIE, na nimeahidi kwenda wiki hii. Yule mwenye milango kumi na miwili amempa kazi fundi mwingine wa Ngong Road, mwenye mashine.